Mkahawa wa Kikantoni wa Milimani, Kisumu: Agiza Samaki wa Ziwa, Acha Vya Katoni

Mkahawa wa Kikantoni uliofunguliwa katika nyumba ya zamani mtaani Milimani, hapa Kisumu, bado hauna jina la kutegemewa, kwa sababu bango lililo langoni ni la mpangaji aliyetangulia, na risiti hutoka na jina la kampuni ambalo hata wahudumu hawalitumii. Wenyeji huuita "kwa Wachina wa Milimani", na mwendesha bodaboda yeyote wa mjini akitajiwa hivyo hahitaji maelezo zaidi. Nimekula hapo mchana na jioni, peke yangu na pamoja na jamaa, na uamuzi wangu nautoa mapema ili msomaji mwenye haraka asipoteze muda: mpishi wao anajua sana kupika kinachotoka ziwani, Ahero na Nandi, lakini kinachotoka kwenye katoni za barafu hukipasha moto tu na kukileta mezani. Anayeagiza kwa kuizingatia tofauti hiyo atakula vizuri kuliko katika mkahawa wowote wa Kichina niliowahi kuingia magharibi mwa Kenya. Asiyeizingatia atalipa pesa nyingi kwa unga uliochemka.

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba chakula cha Kichina ni wali wa kukaanga wenye rangi ya kahawia na kuku aliyezamishwa katika sosi tamu. Upishi wa Kikantoni, yaani wa mkoa wa Guangdong pamoja na miji ya Hong Kong na Macau, una tabia nyingine. Hupenda mvuke kuliko mafuta, hutumia viungo vichache, na huhesabu kwamba kitu kikiwa kibichi na kizuri, kazi ya mpishi ni kutokiharibu. Wafanyabiashara wa Kisumu na Nakuru wanaokwenda Guangzhou kwa maonyesho makubwa ya biashara, ambayo hufanywa kila majira ya kuchipua na ya vuli tangu mwaka 1957, wanaifahamu tabia hiyo, hasa wale waliothubutu kutoka mtaa wa Xiaobei, wanakofikia Waafrika wengi, wakaingia katika nyumba za chai za wenyeji.

Nyumba hizo ndizo zinazoeleza mkahawa huu ulivyokusudiwa kuwa. Ya Taotaoju mjini Guangzhou ilianzishwa mwaka 1880, na ya Luk Yu mjini Hong Kong mwaka 1933, na zote mbili bado hupokea wateja. Desturi yenyewe huitwa yum cha. Watu hukutana asubuhi, wazee wakitangulia na magazeti yao, na zamani baadhi yao walifika na ndege wao wa kuimba ndani ya vitundu, wakavitundika karibu na meza. Buli la chai huwekwa kwanza, kisha huletwa vikapu vidogo vya mianzi vyenye vipande vitatu au vinne vya chakula kilichopikwa kwa mvuke, na vyakula hivyo vya vipande ndivyo huitwa dim sum. Chai ndiyo mwenyeji wa meza, na chakula huisindikiza. Siku ya Jumapili familia nzima hukaa saa mbili au tatu, bibi na wajukuu pamoja, na hakuna anayeona kwamba wamekawia.

Kwa hiyo inashangaza kwamba mkahawa wetu wa Milimani hufungua milango saa tano na nusu asubuhi, wakati ambapo mzee wa Guangzhou angekuwa amekwisha kunywa, kulipa na kurudi nyumbani. Nilipouliza sababu niliambiwa kwamba watu wa Kisumu hawatoki nyumbani asubuhi kwenda kula. Yeyote aliyewahi kutafuta kiti katika hoteli ya chai na mandazi karibu na Soko la Kibuye saa moja asubuhi atajua kwamba jibu hilo halikufanyiwa uchunguzi. Huduma nayo hufuata mwendo wa chakula cha jioni: vikapu vyote hufika kwa mpigo, meza ikajaa, na cha tano kinapofikiwa kimekwisha kupoa. Dawa yake ni rahisi, nami nimeithibitisha: agiza vikapu viwili, ule, kisha uagize viwili vingine, hata kama mhudumu atakutazama kana kwamba hujui unachotaka.

Adabu za meza zimeletwa nusu. Chai ya kwanza humiminwa juu ya vikombe na vijiti ili kuvisuuza, na bakuli la kumwagia maji hayo huwekwa, jambo ambalo wageni wengi hulifurahia. Katika nyumba za chai za Hong Kong, mteja akitaka maji ya moto zaidi huacha kifuniko cha buli wazi kidogo, na mhudumu huelewa bila kuitwa. Hapa nilikiacha wazi. Kijana mmoja mwenye adabu nyingi akaja, akakifunika vizuri, akaenda zake. Kugonga meza kwa vidole viwili kama shukrani kwa anayekumiminia chai wahudumu wanakujua, na mmoja wao hupenda kuwasimulia wageni hadithi ya mfalme Qianlong wa Uchina, ambaye husemekana alisafiri kwa kujificha, akammiminia chai mtumishi wake, na mtumishi, kwa kuwa hakuweza kupiga magoti bila kumfichua bwana wake, akapiga magoti kwa vidole. Hadithi ni nzuri, ila kijana huisimulia chakula kikiwa kinangoja.

Chai ya buli ni ya kuchagua kati ya pu'er, tieguanyin na ile yenye maua ya asmini. Pu'er, ambayo majani yake hutoka Yunnan na huachwa yachachuke, ina rangi nyeusi na harufu ya udongo baada ya mvua, na Wakantoni huipendelea kwa vyakula vyenye mafuta. Sikuipenda mwanzoni, na sasa ndiyo ninayoagiza. Lakini sifa za mkahawa huu ziko katika chai nyingine, ile ya maziwa kwa namna ya Hong Kong, na hapo inafaa nikae kidogo.

Sisi huchemsha maji, maziwa, majani na sukari katika sufuria moja, na chai isiyochemshwa hivyo tunaiona kama ya wagonjwa. Hong Kong, ambako desturi ya kutia maziwa katika chai ilitoka kwa Waingereza, majani hupikwa peke yake hadi yawe makali sana, kisha chai humiminwa na kurudishwa mara nyingi kupitia mfuko mrefu wa kitambaa, ambao kwa kutumika hugeuka rangi ya kahawia hadi watu wakaulinganisha na soksi ya hariri. Maziwa yanayotiwa mwishoni ni yale mazito ya kopo yaliyopunguzwa maji. Majani huchanganywa kwa madaraja, ya vumbi kwa ajili ya rangi na ukali, na makubwa kidogo kwa ajili ya harufu, na kwa kawaida hutoka Sri Lanka. Ufundi huo umehesabiwa kuwa wa thamani kiasi kwamba mwaka 2017 serikali ya Hong Kong iliuweka katika orodha ya urithi wake wa kitamaduni.

Mwenye mkahawa wa Milimani ameacha majani ya Sri Lanka na kuchukua ya Nandi. Uamuzi huo ungeweza kumharibia, kwa sababu chai yetu karibu yote husagwa, huchanwa na kuviringwa iwe punje ndogo, na punje hizo hutoa rangi na uchungu kwa kasi kubwa. Zikiachwa jikoni kwa muda ule ule wa Hong Kong, kinywaji hukamata ulimi. Alichofanya, kwa maelezo aliyonipa mwenyewe huku akinionyesha mfuko wake, ni kufupisha muda wa kupika na kuchanganya punje hizo na majani mazima kidogo kutoka huko huko Nandi. Matokeo ni chai nzito na laini, yenye rangi ya tofali, ambayo ukali wake hupita maziwa na kubaki kooni baada ya kumeza. Kwa shilingi 250 kikombe si rahisi, lakini ni kinywaji kilichofikiriwa. Mchanganyiko wa chai na kahawa, ambao Hong Kong una wapenzi wengi, pia upo kwenye menyu, niliujaribu nikauacha. Kinachofaa kuandamana na chai hiyo ni mkate wao wa mviringo wenye ganda tamu lililopasukapasuka juu, uitwao mkate wa nanasi kwa sababu ya sura yake tu, maana nanasi halimo. Huokwa hapo hapo kila siku, hukatwa katikati, na huwekwa kipande kinene cha siagi baridi.

Sasa samaki. Mama mmoja aliyekuwa meza ya pili alimwita mhudumu kabla hata hajakaa vizuri: "Kijana wangu, hii samaki yenu ni ya hapa ziwani ama ni ya China?" Kijana akacheka, akajibu, "Ni ya ziwa, mama. Imetoka Dunga leo asubuhi." Mama akasema, "Basi lete, lakini kwanza niione." Ikaletwa kwenye sinia, mbichi, akaibonyeza kwa kidole, akaangalia macho na matamvua, akakubali.

Swali lake halikuwa la mzaha. Kila anayenunua samaki Kisumu anajua kwamba ngege, yaani tilapia, wa barafu kutoka Uchina wamekuwa wakiuzwa sokoni kwa bei ambayo mvuvi wetu hawezi kushindana nayo, na Guangdong ndio mkoa unaoongoza Uchina kwa ufugaji wa samaki hao, ambao asili yao ni Afrika. Wakantoni wenyewe, hata hivyo, wana msimamo ule ule wa mama yule. Katika mikahawa ya samaki ya Hong Kong samaki huogelea kwenye matangi ya kioo, mteja huchagua, na mara nyingi huonyeshwa akiwa hai kabla ya kupelekwa jikoni. Kuona desturi ya upande mmoja ikikutana na shaka ya upande mwingine, na zote zikisema jambo moja, kulinifanya nimheshimu mpishi kabla sijaonja.

Ngege hupikwa mzima kwa mvuke, juu ya vipande vya tangawizi, bila chumvi nyingi. Akiiva, maji yaliyotoka humwagwa kwa kuwa hubeba shombo, kisha hutiwa vitunguu vya majani vilivyokatwa nyuzinyuzi, mafuta yaliyochemka hadi kutoa moshi humiminwa juu yake, na sosi ya soya iliyotulizwa kwa sukari kidogo huzungushiwa pembeni. Ugumu uko katika dakika. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka karibu na nyuzi 96, kwa hiyo mvuke wetu una joto pungufu kuliko wa Hong Kong, na mpishi aliyezoea saa ya kwao angemtoa samaki kabla hajaiva karibu na mfupa. Huyu amekwisha kuzoea. Nyama huachana na mwiba kwa kuguswa na kijiti, nyeupe na yenye unyevu, na mchuzi unaobaki sahanini unastahili wali, ingawa mimi niliona watu wakiuchovya ugali waliouagiza maalumu, na jikoni hawakukataa. Samaki wa watu wawili ni shilingi 1,600. Waliozoea ngege aliyekaangwa akakauka, kisha akatiwa nyanya na kitunguu, huenda wakamwona huyu kuwa hana ladha kwa mara ya kwanza. Nawasihi wamalize upande mmoja kabla ya kuamua.

Mbuta, yaani sangara, naye ameingia menyu kwa mlango usiotarajiwa. Mfuko wake wa hewa, ambao wenzetu wa Mwanza huuita bondo, kwa miaka mingi umekuwa ukikaushwa na kusafirishwa kwenda Hong Kong na Uchina, na kwa kilo bei yake huizidi mbali ile ya nyama yenyewe. Wakantoni huupika katika supu pamoja na kuku na mizizi, nao huvimba na kuwa laini na wa kunata. Hapa supu hiyo hupatikana kwa kuagizwa siku moja kabla. Mfuko wenyewe hauna ladha yake, kwa hiyo sifa zote ni za supu iliyochemka saa nyingi, nayo ni nzuri sana. Lakini kwa mtu aliyekulia ufukweni, akiona kitu hicho kikichambuliwa na kwenda kwa wanunuzi wa mbali, kuna jambo la haki katika kukila hatimaye mjini kwao.

Baada ya samaki, vikapu vya dim sum ni kushuka mlima. Kifuko cha kamba kiitwacho har gow ndicho wapishi wa Kikantoni hupimana nacho: ganda lake hutengenezwa kwa wanga wa ngano na wa muhogo, linapaswa kuwa jembamba hadi rangi ya waridi ya kamba ionekane, lenye mikunjo mingi midogo, na lisipasuke linapoinuliwa kwa vijiti. Nilichopewa kilikuwa na ganda zito, lililogandamana na karatasi ya kikapu, na ndani kamba alikuwa na ule ugumu wa mpira unaotokana na barafu ya muda mrefu. Siu mai, za nyama ya nguruwe na kamba, zilikuwa afadhali kidogo. Mikate ya mvuke yenye nyama tamu ya kuchoma ilifika ikiwa imenyauka. Mhudumu mmoja alikiri, bila kuona haya, kwamba vyote vitatu hununuliwa Nairobi vikiwa tayari. Kikapu kimoja ni kati ya shilingi 450 na 600, na kwa bei hiyo mteja ana haki ya kupewa kitu kilichofinyangwa na mkono wa mtu aliye jikoni.

Kwamba mikono ipo, miguu ya kuku inathibitisha. Hukaangwa kwanza, ikalowekwa, ikapikwa taratibu, kisha ikapitishwa kwenye mvuke na soya nyeusi zilizochachuka, hadi ngozi iache mfupa. Kuku ni wa hapa, kazi yote hufanywa hapa, na kikapu hicho ndicho pekee nilichoagiza tena bila kufikiri. Uji wa mchele ni mafanikio mengine. Mchele wa Ahero huchemshwa kwa maji mengi hadi punje zifumuke na kupotea, kisha hutiwa vipande vyembamba vya samaki ambavyo huiva kwa joto la uji wenyewe, na juu hunyunyiziwa karanga. Mtoto aliyetoka kuugua anaweza kuula, na mtu mzima mwenye njaa pia. Kuna pia wali wa chungu, wenye soseji kavu tamu, ambao Hong Kong hupendwa majira ya baridi. Mezani kwetu ugomvi ulikuwa juu ya ukoko, nao ulitosha watu wawili kati ya wanne. Tati za mayai, yaani vikombe vidogo vya unga uliookwa vyenye kastadi ndani, zilikuwa baridi.

Kwa wasomaji Waislamu ni lazima niseme wazi kwamba mkahawa huu hauwafai kwa sasa. Hakuna cheti cha halali ukutani, vikapu vya nguruwe na vya kuku huwekwa juu ya mvuke mmoja, na mhudumu niliyemwuliza kuhusu tati hizo alithibitisha kwamba unga wake hukandwa kwa shahamu ya nguruwe. Samaki na uji vingeweza kupikwa kando kwa gharama ndogo, na katika mji wenye familia nyingi za Waislamu ni ajabu kwamba jambo hilo halijafikiriwa.

Barazani nyuma ya nyumba kuna meza mbili za mahjong, na Jumapili alasiri hujaa. Wachezaji ni wanne kwa kila meza, vigae ni 144, kila mmoja hushika 13, huchukua kimoja na kutupa kimoja hadi apate mafungu manne na jozi moja. Mwanzoni walicheza wahandisi na wafanyabiashara wa Kichina peke yao. Siku hizi utawakuta vijana wawili wa Milimani na mzee mmoja mstaafu ambaye, kwa kuwa mchezo wa ajua, ambao ni aina ya bao, umemfundisha kuhesabu kimyakimya, huwasumbua wenyeji wa mchezo. Tangazo ukutani linakataza kucheza kwa pesa. Kelele za vigae vinapochanganywa ni kubwa, basi anayetaka mazungumzo akae chumba cha mbele. Baraza hiyo ndiyo sehemu pekee ambako hakuna anayekuletea bili kabla hujaiomba, na ningependa mwenye mkahawa aeneze desturi hiyo hadi mezani.

Kuhusu bili yenyewe, kuna malalamiko moja ambayo nimeyasikia kwa wengi. Kila anayekaa mezani hutozwa shilingi 150 za chai, awe amekunywa au hajanywa, watoto wakiwemo. Hong Kong ada hiyo kwa kila kichwa ni ya kawaida na kila mtu anaitarajia, lakini Kisumu haijulikani, na menyu haiitaji popote. Familia ya watu wanane iliyokuwa jirani yetu ilishtushwa na shilingi 1,200 ambazo hakuna aliyeziagiza, na baba wa familia alizungumza kwa sauti ambayo ingeweza kuepukwa kwa sentensi moja iliyochapishwa.

Malipo hufanywa kwa M-Pesa au pesa taslimu. Mashine ya kadi sijaiona ikifanya kazi. Jumatatu hufungwa. Maegesho ni ya magari sita hivi, na choo ni kisafi. Anayetaka samaki mzima Jumapili afike kabla ya saa saba, kwa kuwa wanaoletwa kutoka Dunga huisha, na baada ya hapo mhudumu atakushauri uchukue har gow.